Prosesa ya Kurekodia Nyimbo Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Dilolo jioni haipiti bila wimbo. Mama aimba kwa Kichokwe akichekecha unga, mzee apiga cisanji chake barazani, vijana wa kwaya wakariri nyimbo za Misa ya Dominika. Nyingi za nyimbo hizo hazikuandikwa popote. Mwenye kuzijua akifa, zafa pamoja naye. Basi familia ikiweka fedha kidogo kidogo ili kununua kompyuta ya kurekodia nyumbani, yapaswa kujua kwanza: prosesa gani itafaa?

Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, kibamba kidogo chenye kufanya hesabu zote. Wala si kitu kigeni kwetu kabisa. Tangu kampuni ya IBM ilipotangaza ufundi huo mwaka 1997, nyaya nyembamba mno zilizomo ndani ya prosesa zilianza kufanywa kwa shaba badala ya alumini. Na shaba, sisi watu wa Lualaba twaijua.

Wazee wakumbuka Missa Luba, iliyoimbwa Kamina, katika Katanga hii hii, chini ya Padre Guido Haazen, Mfransiskani wa Ubelgiji. Mwaka 1958 kampuni ya Philips iliirekodi, ikasikika duniani kote. Siku zile kazi hiyo ilihitaji kampuni kubwa na mitambo yake. Leo baba wa nyumba aweza kuifanya sebuleni mwake, mradi asidhani kwamba mashine ndiyo itakayoimba.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Sauti huingia katika maikrofoni, ikapita katika kisanduku cha sauti kinachoigeuza kuwa tarakimu, kwa kawaida mara 44,100 au 48,000 kila sekunde. Prosesa huzipokea tarakimu hizo mafungu mafungu. Fungu la tarakimu 256, kwa mwendo wa 48,000, hudumu kama sehemu 5 za elfu za sekunde. Katika muda huo prosesa haina budi kumaliza hesabu zake zote na kulirudisha fungu masikioni mwa mwimbaji. Ikichelewa hata mara moja, husikika mkwaruzo, na pengine mzee aliyeimba vizuri hataki kurudia. Mtu aweza kulikuza fungu liwe 1,024. Hapo prosesa itapumua, lakini mwimbaji atasikia sauti yake ikimfuata nyuma, naye atapoteza mapigo. Yafaa basi kutumia fungu dogo wakati wa kurekodi, na fungu kubwa baadaye, wakati wa kuzipanga sauti.

Visanduku vingi vya sauti vina njia ya kumsikilizisha mwimbaji sauti yake moja kwa moja, isipitie kompyuta. Nyumba yenye kurekodi sauti za watu, ngoma na gitaa tu ikitumia njia hiyo, prosesa ya kiasi yawatosha. Mwenye kuhitaji nguvu hasa ni mpiga kinanda ambaye milio yake yote, filimbi, fidla, tarumbeta, hutungwa na prosesa yenyewe papo hapo.

Watu husifu sana wingi wa viini, yaani wafanyakazi walio ndani ya prosesa. Ni kweli, sauti nyingi zilizorekodiwa mbalimbali hugawanywa kwa viini vingi. Lakini sauti moja, pamoja na mapambo yote inayotiwa, kwa kawaida hushughulikiwa na kiini kimoja. Waimbaji ishirini wa besi hawawezi kumwazima pumzi mwimbishaji mmoja! Kwa hiyo tafuteni kwanza wepesi wa kila kiini, ndipo mhesabu idadi.

Hapa ndipo wengi huibiwa wakiwa macho. Muuzaji husema: “Mama, hii ni i7, yapita zote!” Naye mama huamini, kwa kuwa saba ni zaidi ya tano. Afadhali ajibu: “Papa, ni i7 ya kizazi gani?” Intel Core i7-4600U ya mwaka 2013 ina viini 2, lakini Core i5-8250U ya mwaka 2017 ina viini 4. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari, 4 au 8, yaonyesha kizazi. Katika vizazi vilivyofuata huwa tarakimu mbili, kama 10 au 12. Tena Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha 8, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa Ryzen pia, ulizeni mwaka kabla ya kustaajabia namba.

Herufi ya mwisho nayo si bure. U yaonyesha prosesa isiyokula umeme mwingi, mara nyingi wati 15. H ina nguvu zaidi, mara nyingi wati 45, na joto lake huamsha feni. Nyumba inayotegemea mabamba ya jua yajua hesabu hiyo. Feni yenyewe ni adui: maikrofoni inayosikia cisanji itaisikia na feni.

Kwa maoni yangu, i5 ya kizazi cha 8 au cha baadaye, yenye kumbukumbu ya GB 16 na diski ya SSD, yatosha nyumba nyingi. Fedha inayobaki ipelekwe kwenye maikrofoni na kisanduku cha sauti.

Kabla ya kulipa, chukueni maikrofoni yenu mpaka dukani. Fungueni Audacity, isiyolipiwa, au Reaper, inayojaribiwa siku 60. Chomoeni waya wa umeme, kwa maana kompyuta nyingi hupunguza mwendo zikitumia betri. Rekodini sauti kumi, moja juu ya nyingine, kisha sikilizeni zote pamoja. Mkwaruzo ukisikika, jaribuni fungu kubwa zaidi. Usipokoma, mrudishieni mwenye duka mashine yake.