Mwanzilishi akiondoka, kazi ibaki

KIKUNDI kinachomtegemea mtu mmoja huyumba siku mtu huyo anapochoka. Hatari hiyo iliikabili Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta inayotumika bure duniani kote na kutunzwa kwa sehemu kubwa na watu wanaojitolea.

Mwanzilishi wake, Mholanzi Guido van Rossum, aliitoa mwaka 1991. Kwa miaka mingi neno lake ndilo lililomaliza ubishi. Julai 2018, baada ya mabishano makali juu ya badiliko moja tu, aling'atuka. Hakuteua mrithi, bali aliwaachia wenzake waamue.

Wenzake hawakukimbilia kutafuta bosi mpya. Kwanza waliandika mapendekezo kadhaa ya aina ya uongozi, na Desemba 2018 wakayapigia kura. Ilishinda kamati ya watu watano, iliyochaguliwa mapema 2019. Van Rossum mwenyewe alikuwemo. Baadaye hakuendelea, na kazi haikusimama.

Masharti yao mawili yanafaa hata kwa chama cha ushirika. Kamati huchaguliwa upya kila litokapo toleo jipya la lugha hiyo. Tena, wajumbe wanaotoka kwa mwajiri mmoja hawaruhusiwi kuzidi wawili, ili tajiri mmoja asiteke kazi ya wote.

Hao walibahatika kuelewana baada ya kiongozi kuondoka. Kikundi chenye fedha za wanachama sandukuni kisingoje bahati: taratibu ziandikwe mwenyekiti akiwa bado yupo.