Kuchagua Kitabu cha Kwanza cha Kujifunzia Kiajemi

Mwalimu wa shule ya msingi hufanya kazi yake akitumia vitabu vilivyochaguliwa na watu wengine. Hata hivyo hapana budi ajue kukipima kitabu, maana ndiye atakayeona darasani kama kinafundisha au kinapoteza muda wa watoto. Ni vigumu kukipima kitabu cha lugha unayoijua tangu utotoni, kwa sababu kila pengo lililomo unaliziba mwenyewe bila kutambua. Kwa hiyo katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi ya kuchagua kitabu cha kuanzia lugha ambayo wengi wetu hatuijui, yaani Kiajemi, ambacho wenyewe hukiita Farsi.

Tumeichagua lugha hii kwa kuwa iko karibu nasi na pia iko mbali. Iko karibu kwa maneno: bandari, bustani, rangi, pamba na nanga ni maneno yaliyotoka huko, na sherehe ya Mwaka Kogwa ya Makunduchi, Unguja, ina uhusiano na Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi. Iko mbali kwa maandishi na kwa muundo wa sentensi. Zaidi ya hayo, Mswahili anayetaka kujifunza Kiajemi, kwa ajili ya historia ya pwani au mashairi ya Waajemi, aghalabu huwa peke yake, hana mwalimu jirani, na ana fedha za kitabu kimoja tu. Kitabu hicho ndicho mwalimu wake. Kikiwa kibaya, huachana nacho somo la nne au la tano, na lililo baya zaidi, hujiona mzito wa kufahamu wakati kosa ni la kitabu.

Swali la kwanza ni Kiajemi kipi. Lugha hii husemwa Iran, Afghanistan na Tajikistan. Nchini Afghanistan huitwa Dari, jina lililowekwa katika katiba ya mwaka 1964. Nchini Tajikistan huitwa Kitajiki, nacho huandikwa kwa herufi za aina ya Kirusi. Wasemaji wake huelewana kwa kiasi kikubwa, lakini anayeanza hawezi kuzichanganya. Mathalani, mtu wa Kabul hutofautisha shēr (simba) na shīr (maziwa), ilhali mtu wa Tehran huyatamka yote mawili shīr. Kitabu kisichosema tangu ukurasa wa mwanzo kinafundisha usemi wa wapi, tukiweke kando.

Sasa tuje kwenye maandishi, ambako ndiko wanafunzi wengi huangukia. Herufi za Kiajemi ni 32, nazo huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Ni herufi za Kiarabu pamoja na nne zilizoongezwa kwa sauti za p, ch, zh na g. (Waandishi kadhaa wa Kiswahili waliotumia hati ya Kiarabu waliziazima herufi za p na ch kutoka kwa Waajemi hao hao.) Herufi nyingi hubadili umbo kulingana na mahali zilipo katika neno, na saba kati yake haziungani na herufi inayofuata. Aliyesoma chuoni utotoni hataona shida hapa, lakini ataona shida nyingine: sauti z ina herufi nne, s ina tatu, na Mwajemi hatofautishi matamshi yake. Tahajia ya maneno hayo ni ya kukariri.

Lakini ugumu mkubwa ni irabu fupi, ambazo kwa kawaida haziandikwi. Neno lenye herufi k-r-m laweza kusomwa kerm (mnyoo), karam (ukarimu) au kerem (mafuta mazito ya kupaka ngozi). Anayeijua lugha huchagua kwa kufuata maana ya sentensi. Anayeanza hana maana ya kufuata. Hivyo kitabu chema huweka alama za irabu katika masomo ya mwanzo, kisha huzipunguza kidogo kidogo. Kadhalika chaweza kutumia herufi za Kirumi kwa masomo machache kama mkongojo. Kikizitumia hadi mwisho, mwanafunzi atamaliza kitabu kizima na hataweza kusoma kibao cha duka mjini Tehran. Kikizikataa kabisa, atatamka vibaya maneno ya somo la kwanza na kuyazoea hivyo. Sisi tunapendelea kitabu kinachoutupa mkongojo kabla ya theluthi ya kwanza kwisha.

Wengine hudhani kwamba njia fupi ni kuagiza kitabu cha darasa la kwanza kinachotumiwa na watoto wa Iran. Jambo hili linatuhusu sana walimu. Kwa muda mrefu vitabu hivyo vimeanza na herufi chache zinazotoa maneno mepesi, kama āb (maji) na bābā (baba), na mpango wake wa kuongeza herufi ni mzuri. Lakini vimetungwa kwa mtoto ambaye tayari anajua kusema. Aonapo āb, sauti na maana zimo kichwani mwake; linalobaki ni kuliunganisha neno na alama. Mgeni hana sauti wala maana, na kitabu hakimpi. Kumfundisha mtu kusoma lugha anayoisema ni kazi moja, na kumfundisha lugha yenyewe ni kazi nyingine. Mtoto anayekuja darasa la kwanza akisema Kisukuma au Kimaasai tu, akapewa kitabu cha Kiswahili kilichotungwa kwa mtoto wa Tanga, yumo katika hali ile ile ya mgeni mbele ya kitabu cha Tehran.

Yafaa pia kuuliza kitabu kilitungwa kwa msemaji wa lugha gani. Vitabu vingi vya Kiajemi vinavyoweza kupatikana kwetu vimeandikwa kwa Kiingereza. Mtungaji wake hutumia kurasa nyingi kumweleza Mwingereza mambo ambayo Mswahili anayo tayari. Kiajemi hutanguliza jina na kulifuatisha sifa au mwenye mali: ketāb-e bozorg ni kitabu kikubwa, ketāb-e man ni kitabu changu. Mpangilio ni wetu kabisa, na hiyo -e yafanya kazi inayofanana na ya -a unganifu. Neno u ni yeye, mwanamume au mwanamke. Hata kijineno rā, ambacho huwasumbua sana Waingereza, kina ndugu katika Kiswahili: ketāb khāndam ni nilisoma kitabu, chochote kile, ketāb rā khāndam ni nilikisoma kitabu, kile tunachokijua. Kiambishi chetu cha yambwa husaidia kulifahamu jambo hilo kwa dakika chache. Mswahili na aruke maelezo hayo, au ayaandike upya pembeni kwa lugha yake.

Kinyume chake, yako mambo ambayo vitabu huyapita haraka nasi hutukwaza. Ile -e ya unganifu husikika lakini kwa kawaida haiandikwi, kwa hiyo kitabu kisichoionyesha katika masomo ya mwanzo hutuacha gizani. Kitenzi huja mwisho wa sentensi. Tena kila kitenzi kina mizizi miwili, mmoja wa wakati uliopita na mwingine wa wakati uliopo, na pengine haifanani hata kidogo: did na bin kwa kuona, kard na kon kwa kufanya. Tazama orodha ya msamiati: ikiwa imetoa mzizi mmoja tu, utalazimika kujifunza kila kitenzi mara mbili.

Msamiati wa Kiarabu ulio katika lugha zote mbili husaidia, ila una mitego. Kalamu ni qalam na habari ni khabar, lakini taklif ya mwanafunzi wa Iran ni kazi ya nyumbani aliyopewa na mwalimu, wala si taklifu yetu, ingawa pengine wanafunzi wataona ni kitu kimoja.

Halafu kuna tofauti ya maandishi na mazungumzo. Mkate huandikwa nān, watu wa Tehran husema nun. Mi-ravam (ninakwenda) husemwa miram. Kitabu chenye maandishi tu kitakufundisha kusoma gazeti lakini si kununua mkate. Twapendekeza kinachoanza na lugha ya maandishi na kuonyesha ile ya mazungumzo mapema, kila moja mahali pake, pamoja na sauti zilizorekodiwa.

Kwa mifano, sarufi ya Ann Lambton iliyotolewa Cambridge mwaka 1953 ni imara, tena ina sehemu nzima kuhusu Kiarabu kilichomo katika Kiajemi. Lakini ni ya kurejea, si ya kuanzia peke yako. Ile ya Elwell-Sutton ya mwaka 1963 ni nyepesi zaidi. Kitabu cha Brookshaw na Shabani-Jadidi cha mwaka 2010, ambacho jina lake lasema Kiajemi ni kitamu, kina mazungumzo na mazoezi mengi. Kile cha Narguess Farzad kilikusudiwa anayejifunza bila mwalimu, nasi tungemwanzishia huyo mtu wetu aliye peke yake. Ukikuta kitabu kilichochapwa Iran na kuandikwa mwaka 1365, usidhani ni cha kale: ongeza 621, utapata 1986.

Kabla ya kulipa, fungua somo la sita. Hesabu maneno mapya, kisha tazama mangapi yanarudi katika somo la saba na la nane. Yasiporudi, kirudishe kitabu rafuni. Mwisho angalia kama majibu ya mazoezi yamo, maana asiye na mwalimu hana mwingine wa kumsahihisha.