Video za maajabu zilinipa laiki, hazikunipa wateja

Leo nawasimulia kosa lililonigharimu akaunti nzima, ili wewe lisikupate.

Nauza mikoba na mikeka ya ukindu hapa Chumbageni, Tanga. Nilipoanza niliambiwa ukiposti bidhaa tu watu wanakuchoka, changanya na vitu vya kushangaza. Basi kila asubuhi nikawa napakua video za watu: nyangumi anaruka, maporomoko ya maji, fundi wa Japani anaunganisha mbao bila msumari. Laiki zikamiminika, wafuasi wakapita 4,000. Mauzo sasa! Wiki nzima mkoba mmoja, tena kwa jirani.

Siku moja naamka, akaunti imefungwa. Wenye video walilalamika, na nilishaonywa mara mbili nikapuuza. Wafuasi wamekwenda, na namba za wateja zilizokuwa kwenye meseji nazo zimekwenda. Nililia, sifichi. Kumbe hata hapa kwetu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda video za watu.

Nikafungua akaunti mpya, nikaenda kwa shangazi anayenisukia.

"Shikamoo shangazi. Naomba nirekodi mikono yako."

"Marahaba. Mikono hii ya kizee nani ataitazama, mwanangu?"

Nikarekodi kila hatua: ukindu unakaushwa, unachemshwa na rangi, unasukwa ukili, ndipo unashonwa mkoba. Siku nne za kazi nikazikata zikawa dakika moja. Laiki hazikufika hata 100, lakini meseji zilikuwa za kuuliza bei! Waliokuwa wananiambia "punguza, si majani tu hayo?" wengi waliacha. Mmoja aliandika: "Kumbe siku nne? Nitumie miwili."

Shangazi alipoziona oda akaniuliza, "Mikono yangu ndiyo inayouza, mimi napata nini?" Nikakosa jibu. Sasa namwongezea 3,000 kwa kila mkoba.

Na maajabu ya asili tunayo hapa hapa. Silikanti ni samaki ambaye wanasayansi walidhani alitoweka tangu zama za dinosaria, hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wetu wa Tanga nao wamewahi kumnasa kwenye nyavu zao, na tangu 2009 tuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Rangi yake ni buluu yenye mabaka meupe. Shangazi akasuka mkoba wa rangi hizo, nikaupiga picha mwenyewe nikaandika habari ya samaki chini yake. Sikuiba picha ya mtu, na ndio mkoba unaoulizwa zaidi.

Kwa hiyo mwenzangu:

1. Rekodi mwenyewe, mchana, simu iwe karibu na mikono.
2. Video ya mtu omba ruhusa, usubiri jibu. Kumtaja jina tu si ruhusa.
3. Ajabu iishie kwenye bidhaa: bei, ulipo, namba ya simu.
4. Namba za wateja andika kwenye daftari. Akaunti si mali yako.
5. Mwenye ujuzi akubali kurekodiwa, na apate chake.

Wewe bidhaa yako inatengenezwa na nani? Je, wateja wako wamewahi kuiona mikono yake? Niandikie hapo chini.