Chumba Kinachokata Umeme Ili Kuuokoa

Umeme ukikatika usiku Buterere, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura wenye mabwawa ya kusafishia majitaka ya jiji, watu husema kuna kitu kimeharibika. Mara nyingi husema kweli: nguzo imeanguka au transfoma imeungua. Lakini je, wajua kwamba katika gridi nyingi duniani mtaa mzima unaweza kuzimwa kwa makusudi, kufumba na kufumbua, ili nchi isiingie gizani?

Hiyo ni kazi ya chumba cha kuongozea mitambo pamoja na vifaa vinavyokitumikia.

Namba inayochungwa usiku na mchana

Sehemu kubwa ya umeme wa Burundi hutoka kwenye maji. Kituo cha Rwegura, chenye megawati 18, kilianza kazi mwaka 1986. Ruzizi II, cha mwaka 1989, kinatumiwa na Burundi, Rwanda na Kongo. Rusumo, chenye megawati 80, ni cha Burundi, Rwanda na Tanzania.

Mitambo iliyoungwa kwenye gridi moja hulazimika kwenda sambamba, na kipimo cha mwendo wake ni hezi 50, yaani mizunguko 50 ya umeme kila sekunde. Mwongozaji wa zamu haondoi macho kwenye namba hiyo. Umeme unaozalishwa lazima ulingane na unaotumika, sasa hivi, si baadaye. Kituo kimoja kikitoka ghafla, vilivyobaki hubeba mzigo wake na mwendo hushuka, kama mwendesha baiskeli anayepanda kilima akaongezewa mkungu wa pili wa ndizi. Ukishuka kupita kiasi, kila mtambo hujitoa wenyewe usije ukaharibika. Na kila unaojitoa huwazidishia wenzake mzigo.

Tumbili wa Gitaru

Kenya iliyaona hayo tarehe 7 Juni 2016. Kwa maelezo ya kampuni ya KenGen, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru, kwenye Mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima, mitambo mingine ya kituo ikazidiwa, na zaidi ya megawati 180 zikapotea. Nchi nzima ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alipona, akachukuliwa na Shirika la Wanyamapori la Kenya.

Katika msiba wa namna hiyo, binadamu hana nafasi ya kuuliza wala kupiga simu. Ndiyo maana gridi hufungwa rilei zinazopima hezi. Namba ikishuka hadi kiwango kilichopangwa, rilei hukata laini za mitaa fulani. Ikiendelea kushuka, hukata nyingine. Orodha ya mitaa hupangwa mapema, watu wakiwa wametulia, na kwa kawaida hospitali kubwa na pampu za maji huwekwa mwishoni.

Kengele 275

Kazi ya binadamu huanza hapo, na adui yake wa kwanza ni kelele. Tarehe 24 Julai 1994, kiwanda cha kusafisha mafuta cha Milford Haven, Uingereza, kililipuka. Katika dakika 11 za mwisho waongozaji wawili walipokea kengele 275, yaani moja kila baada ya sekunde mbili na nusu hivi. Iliyokuwa na maana ilizama katikati ya zisizo na maana. Tangu hapo viwanda vingi vimekuwa vikipunguza kengele: mwongozo unaotumika sana unasema kwamba siku ya kawaida mtu mmoja asipate zaidi ya moja kwa dakika kumi.

Adui wa pili ni taa inayodanganya. Tarehe 28 Machi 1979, katika kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, vali moja ilikwama wazi na maji ya kupozea yakawa yanatoka. Taa yake chumbani ilikuwa imezimika, na waliokuwepo wakaamini vali imefungwa. Kumbe taa ile ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imetumwa. Kama vali ilitii, haikuwa na habari. Wakapunguza maji ya dharura wakidhani yamezidi, na sehemu ya kiini cha kinu ikayeyuka. Mwongozaji mzuri, kwa hiyo, haridhiki na taa moja: huilinganisha na joto, shinikizo na kina cha maji.

Kuwasha upya

Gridi ikizimika yote, vituo vya umeme wa maji huwa msaada mkubwa, kwa kuwa vingi vyaweza kuanza na betri au jenereta ndogo tu. Kisha mitaa hurudishwa mmoja mmoja, na jirani aweza kuwa na taa nusu saa kabla yako pasipo upendeleo wowote. Friji na pasi zilizoachwa kwenye swichi huvuta umeme kwa pamoja mara tu unaporudi, na mzigo huo wa ghafla waweza kuiangusha tena gridi ambayo haijasimama vizuri. Umeme ukikatika, basi, chomoa vyote, acha taa moja tu ya kukujulisha umerudi, kisha washa vingine kidogo kidogo.