Zawadi ya Mwalimu wa Historia

Hadithi! Hadithi!

Hadithi njoo!

Ya leo haina sungura wala fisi. Inamhusu mtu wa kweli, Profesa Bethwell Allan Ogot, aliyefariki Januari 30, 2025 akiwa na miaka 95. Alizaliwa Gem, Siaya, mbali na huku kwetu Thika na Ruiru. Lakini ninyi mnaosoma darasani habari za Wakikuyu, Waluo na Wagusii, wala si za wafalme wa Uingereza peke yao, mnakula jasho lake.

Ogot alianza kazi akiwa mwalimu wa hesabu. Alisoma Maseno na Makerere, akafundisha Alliance, kisha akaenda Chuo Kikuu cha St Andrews huko Uskoti, na baadaye London. Alipotaka kuandika historia ya Waluo, wapo mabingwa waliotikisa kichwa. Waliamini kwamba pasipo na maandishi hapana historia. Chukueni Ufaransa: kule zipo barua za wafalme, hukumu za mahakama, daftari za kodi na vitabu vya ubatizo vya karne nyingi. Mwanahistoria wa Paris huingia katika jumba la nyaraka, akaomba anachotaka, akaketi kusoma. Je, mzee wa Gem ana nyaraka gani?

Ogot aliwaendea wazee, akawauliza. Aliuliza ukoo huu, kisha ule, walipotoka babu zao, walipopumzika, waliyepigana naye, waliyemwoa. Kisha akayaweka masimulizi hayo sambamba. Koo mbili zisizopendana zikisimulia safari moja kwa namna moja, hapo pana jambo. Zikitofautiana, lazima ujue kila mmoja ana faida gani katika kusema anavyosema.

Na tarehe je? Hapo hesabu ikaingia. Tuseme mzee wa mwaka 1960 anataja mababu 10 mfululizo, nasi tunakadiria kizazi kimoja kuwa miaka 27. Kumi mara 27 ni 270. Basi babu wa kwanza aliishi karibu na 1690. Si tarehe kamili, ni makadirio, lakini tayari tuna mahali pa kushika. Huku kwa Wakikuyu kuna msaada mwingine: marika, yaani makundi ya waliotahiriwa pamoja. Rika la Kimiri, kwa mfano, lilipewa jina la homa kali iliyoua watu wengi karibu na 1918. Godfrey Muriuki aliyategemea sana masimulizi ya wazee na marika yao katika kitabu chake cha historia ya Wakikuyu, 1500 hadi 1900, kilichotoka 1974. Cha Ogot kuhusu Waluo wa kusini kilikuwa kimetoka 1967.

Sasa tuijaribu njia hiyo hapa nyumbani. Mmeshapita Bustani ya Mugumo, hapo Thika. Wazee husimulia kwamba Mugo wa Kibiru, mtabiri wa Wakikuyu, alisema siku mti ule utakapoanguka ndipo utawala wa wageni utakapokwisha. Husimulia pia kwamba Wazungu waliuzungushia chuma ili usianguke, lakini ukapigwa na radi na kuanguka karibu na uhuru wa 1963. Mtoto wa kawaida atashangaa, aende zake. Mwanafunzi wa Ogot atauliza: Nani alikuwa wa kwanza kuusimulia utabiri huu, na aliusimulia kabla ya mti kuanguka au baada yake? Yupo aliyeuona mti ukianguka? Gazeti la siku hizo lilisema nini? Maswali haya hayamkosei heshima Mugo. Hata kama hatutajua aliyatamka maneno gani hasa, tutajua kwamba watu wa Thika walikuwa na hamu ya uhuru kiasi cha kuupimia mti.

Ogot hakutaka kubaki na ujuzi huo peke yake. Mwaka 1966 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Chama cha Historia cha Kenya, akawa mwenyekiti wake. Kila mwaka walimu na wanafunzi walisoma makala zao mbele ya wenzao, wakakosoana, na makala hizo zikachapishwa katika mfululizo wa vitabu ulioitwa Hadith. Nchi nyingine nazo zikamwita. Shirika la UNESCO, lenye makao Paris, lilipoandaa historia ya Afrika nzima katika juzuu 8, Ogot aliongoza kamati yake ya wataalamu kuanzia 1978 hadi 1983, na juzuu ya tano aliihariri mwenyewe.

Katika waliopita mikononi mwake alikuwamo William Ochieng', Mluo wa Yimbo, aliyekwenda kuuliza wazee wa jirani akaandika historia ya Wagusii. Baadaye Ochieng' alifundisha hapo Kahawa, mwendo mfupi tu kutoka Ruiru, katika chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kenyatta. Zamani palikuwa kambi ya jeshi la Waingereza, iliyoitwa Templer, ikakabidhiwa serikali yetu mwaka 1965. Mahali palipolala askari wa mkoloni, vijana wa Kenya wakaketi kujifunza namna ya kumchunguza mkoloni huyo.

Wasomi wa Ulaya wana desturi nzuri: mwalimu wao anapokaribia kustaafu, hawamnunulii saa ya ukutani. Kila mmoja huandika sura moja ya utafiti wake, na zote zikafungwa katika kitabu kimoja kwa heshima yake. Ochieng' alimfanyia Ogot hivyo. Mwaka 1989 alihariri historia ya Kenya ya kuanzia 1895 hadi 1980, akaandika kwenye jalada kwamba ni kwa heshima ya B. A. Ogot. Ndani yake wanahistoria walieleza ukoloni, mashamba na siasa. Hawakuandika shairi la kumsifu. Walifanya kazi aliyowafundisha, tena hadharani, ambapo kila msomaji angeweza kuwakosoa.

Nanyi mnaweza kumheshimu vivyo hivyo bila kungoja chuo kikuu. Ruiru hii yenye magorofa ilikuwa mashamba ya kahawa, na waliochuma kahawa hiyo bado wapo. Mwendeeni bibi mmoja, mwamkieni vizuri, mwombeni ruhusa kabla ya kuandika. Andikeni jina lake, rika lake, mahali mlipoketi na tarehe. Ulizeni alilipwa kwa debe au kwa siku, alilala wapi, nyapara alikuwa nani. Kisha mtafuteni bibi wa pili, mumuulize maswali yale yale. Wakipingana msimfute hata mmoja. Andikeni yote mawili, mwende kwa wa tatu.