Rangi za Mimea (3): Mhina Hauzai Weusi

Katika makala mbili zilizotangulia tulitazama mimea inayotia rangi ukili wa mikeka na vitambaa. Leo tunapanda kichwani. Anayeanza kuota mvi na hataki dawa za dukani hukimbilia hina, akitumaini nywele zitarudi kuwa nyeusi. Hina peke yake haiwezi kazi hiyo. Tukijua kwa nini haiwezi, tutajua pia namna ya kuipaka ikakolea, na namna ya kuitambua hina iliyochanganywa na sumu.

Majani ya mhina, ambao wataalamu wa mimea huuita Lawsonia inermis, yana kemikali iitwayo lawsoni. Kiasi chake ni kidogo, aghalabu kati ya asilimia 0.5 na 1.5 ya uzito wa majani makavu. Ndani ya jani zima imeshikana na sukari. Jani likisagwa na kutiwa maji, huachiliwa kidogo kidogo. Ikigusa keratini, yaani protini inayojenga nywele na kucha, hujishika nayo imara. Ndiyo sababu kucha iliyopakwa hina haioshwi ikatakata, hungojwa ikue ikatwe.

Rangi ya lawsoni ni ya machungwa yenye wekundu, nayo haifuniki kitu: hulala juu ya rangi iliyopo. Chai ile ile inayong'aa katika kikombe cheupe haionekani katika kikombe cheusi. Kwa hiyo mvi hugeuka rangi ya shaba, ilhali nywele nyeusi hupata wekundu unaoonekana juani tu.

Matayarisho ni mepesi, ila yanataka subira. Nywele fupi hutosheka na gramu 100 hivi za unga. Zinazofika mabegani huhitaji kama gramu 200. Uchekeche unga, uukande kwa maji ya uvuguvugu na ndimu kidogo mpaka uwe uji mzito, kisha uufunike. Kwenye joto la pwani huwa tayari baada ya saa chache. Ujaribu kwa kupaka tone kiganjani: ukilifuta baada ya dakika 5 na kuona alama ya machungwa, hina imeiva. Usitumie maji yanayochemka, kwani huidhoofisha rangi.

Osha nywele kwanza ziishe mafuta, maana mafuta huizuia hina kushika. Mafuta hayo hayo yana kazi kwenye paji la uso na masikio: yapake hapo ili ngozi isidakwe na rangi. Vaa glavu, gawa nywele mafungu madogo, paka tangu shinani, funika kichwa, ukae saa 2 hadi 4. Suuza kwa maji matupu. Usishtuke ukiona rangi kali ya machungwa. Hewa huendelea kuiivisha, na baada ya siku 2 huwa imetulia na kuelekea kahawia.

Anayetaka weusi sharti aongeze mmea wa pili. Fikra hiyo ni kongwe: katika mapokezi ya Kiislamu kuhusu kubadili mvi, hina hutajwa pamoja na mmea mwingine uitwao katam. Siku hizi hutumika zaidi unga wa majani ya nili. Tabia yake ni kinyume cha hina. Hukandwa kwa maji tu na chumvi kidogo, bila ndimu, na hupakwa baada ya dakika 15 hivi, kwa kuwa ukiulaza nguvu yake hupotea. Hina hutangulia, huoshwa, ndipo nili hufuata kwa saa 1 au 2. Buluu ikikaa juu ya wekundu, mvi huwa kahawia iliyoiva au nyeusi.

Sasa tazama pakiti ya “hina nyeusi” inayoahidi weusi kwa nusu saa. Hakuna jani la mhina lenye uwezo huo. Mara nyingi kilichomo ni parafenilenidiamini, kemikali ya viwandani inayotumika pia katika piko ya kuchorea mikono. Katika Umoja wa Ulaya inaruhusiwa kwenye rangi za nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 inapofika kichwani, na hairuhusiwi kuchorea ngozi. Inaweza kuleta malengelenge na makovu, na mtu iliyemdhuru mara moja huweza kudhurika vibaya zaidi akiigusa tena. Pakiti isiyoorodhesha vilivyomo usiinunue.

Hata hina safi ina mipaka yake. Mtoto mchanga asipakwe. Wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayopatikana sana katika sehemu zilizoishi na malaria kwa karne nyingi, chembe zao nyekundu za damu huweza kupasuka kwa sababu ya lawsoni, na wachanga ndio walio hatarini zaidi. Na kila mtu, kabla ya kupaka kichwa kizima, ajaribu nyuma ya sikio na angoje siku 2.

Wiki ijayo: manjano na liwa, na vinachofanya kwenye ngozi ya uso.