Pumzi ikikata, miguu ndiyo inayolipa

DAKIKA ya 75, winga aliyemsumbua beki tangu mwanzo wa mechi anapigiwa mpira mrefu. Anaanza kuukimbilia, kisha anauacha utoke. Mikono kiunoni, mdomo wazi. Jukwaani inasikika kauli ile ile ya kila wikiendi: "Mtoe huyo, hana pumzi!"

Shabiki hajakosea sana, ila anadhani pumzi ni kazi ya mapafu peke yake. Kumbe mapafu ya mchezaji mwenye afya huwa yapo sawa hadi filimbi ya mwisho. Vita iko kwenye misuli, ikiwemo ile ambayo wengi hawaihesabu kuwa ni misuli, yaani inayovuta hewa.

Anayetaka kuiona vita hiyo waziwazi atoke kidogo uwanjani, aende bwawani.

Septemba 2000, kwenye Olimpiki ya Sydney, Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta alipangwa kuogelea mita 100 mtindo huru. Alikuwa na miezi michache tu tangu aanze mchezo huo, na hakuwahi kuogelea kwenye bwawa la mita 50. Wapinzani wake wawili wakaondolewa kwa kuanza kabla ya ishara. Akabaki peke yake majini, dunia nzima ikimtazama.

Mita 50 za kwanza alikwenda, tena kwa nguvu. Alipogeuka, mambo yakabadilika. Kichwa kikapanda juu kutafuta hewa, miguu ikazama, na kila mkono aliorusha ukawa unasogeza kidogo kuliko uliotangulia. Karibu na mwisho alikuwa kama amesimama ndani ya maji, watu wakihofia anazama. Akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 52.72. Kwa kulinganisha tu, Mholanzi Pieter van den Hoogenband alichukua dhahabu ya mita 200 kwenye michezo hiyo hiyo kwa dakika 1 na sekunde 45.35. Yaani alikwenda umbali mara mbili kwa muda mfupi zaidi!

Watu walicheka, lakini kilichompata Moussambani kinaelezeka. Majini mtu havuti hewa anapotaka, anasubiri zamu ya mkono. Maji yanakandamiza kifua, kwa hiyo kila pumzi inagharimu zaidi. Asiyezoea huibana hewa badala ya kuitoa taratibu uso ukiwa majini, na akiinua kichwa hana nafasi ya kuingiza mpya. Hewa chafu ya kaboni dioksaidi inajaa mwilini, na hiyo ndiyo inayomfanya mtu ahisi anakufa kwa kukosa pumzi, hata kabla oksijeni haijapungua sana.

MIGUU NA KIFUA VINAGOMBEA DAMU

Turudi kwenye soka. Msuli mkuu wa kupumua ni kiwambo, ule mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Mtu akiwa amekaa, unakula damu kidogo sana. Akikimbia kwa nguvu zote, misuli ya kupumua inadai sehemu kubwa ya damu inayosukumwa na moyo.

Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, waliwapima waendesha baiskeli waliokuwa wakikanyaga kwa kiwango cha juu kabisa. Walipowasaidia kupumua kwa mashine, damu ya miguuni iliongezeka. Walipowafanya wapumue kwa shida, ikapungua. Maana yake, kifua kikielemewa, mwili unabana mishipa ya miguuni ili mtu aendelee kupumua. Miguu inakuwa mizito, na shabiki anaona uvivu.

Ongeza na mafuta ya gari. Mchezaji wa kiungo hukimbia kilomita 10 hadi 12 kwa mechi, akitumia zaidi sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli, glaikojeni. Msweden Bengt Saltin alionyesha mwaka 1973 kwamba wachezaji walioanza mechi na akiba ndogo walikimbia umbali mfupi na kutembea zaidi ya wenzao. Kwa hiyo anayelala bila kula wali wake jana yake, kipindi cha pili kinamuumbua.

Na ile asidi ya laktiki inayotajwa kila kijiwe? Inasingiziwa mengi. Laktiki huchomwa na moyo na misuli kama mafuta, na ndani ya saa moja hivi baada ya mechi nyingi inakuwa imeondoka. Maumivu ya kesho yake na keshokutwa hutokana na nyuzi za misuli zilizochanika kidogo kidogo.

Joto nalo lina zamu yake, maana ngozi inataka damu ya kupoza mwili. Juni 29, 2014 pale Fortaleza, Brazil, mechi ya Uholanzi na Mexico ilisimamishwa ili wachezaji wanywe maji. Mexico ilikuwa mbele hadi dakika ya 88, Wesley Sneijder akasawazisha, kisha Klaas-Jan Huntelaar, aliyetoka benchi, akafunga penalti dakika za nyongeza. Miguu mipya ni miguu mipya. Kocha mwenye nafasi tano za kubadilisha akizitumia mbili tu kwenye mechi ya saa 10 jioni, mwenye kulaumiwa si winga.

Bwawa lenyewe linasaidia. Klabu ikiposti picha za wachezaji majini siku moja baada ya mechi, maoni yanamiminika kwamba wanakula bata. Lakini maji hubeba uzito wa mwili, kwa hiyo mguu unafanya kazi bila kugonga ardhi, huku kifua kikisukumana na maji na misuli ya kupumua ikipata zoezi lake.

Kuna mchezo mmoja tu wa kuachwa, nao vijana wanaupenda: kuhema haraka haraka mara nyingi, kisha kuzama na kushindana nani atakaa chini muda mrefu. Kuhema huko kunaondoa kaboni dioksaidi, ile kengele ya hatari haigongwi kwa wakati, na oksijeni inaisha kimya kimya. Mtu anapoteza fahamu chini ya maji, na walio juu wanadhani anashinda.